Tupeane uzoefu: Julai 25, nani wako alikwenda vita vya Kagera, na nyumbani mlipokeaje?

MtotoWaMgambo

Wakuu, za jioni.

Leo, Siku ya Mashujaa, asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kupima sukari. Televisheni ya ukutani inaonyesha gwaride la Dodoma, hakuna anayeangalia, kila mtu na simu yake. Ikapigwa ile tarumbeta ya maombolezo. Nikajikuta nimesimama. Watu wote wamekaa, mimi nimesimama wima na kikaratasi cha vipimo mkononi. Nesi akaniuliza, "Baba, unajisikiaje?" Nikamwambia nasubiri iishe.

Marehemu baba alikuwa mgambo, kwetu Kondoa. Mwisho wa mwaka 1978, vita na Uganda ya Idi Amin ilipoanza, lilikuja lori likazoa wanaume saba kijijini. Mimi nilikuwa na miaka sita. Mama alimfungia karanga za kukaanga kwenye kipande cha shuka. Alirudi mwaka uliofuata, mzima, hana jeraha hata moja, na tangu siku hiyo mpaka anafariki mwaka 2004 hakulala tena kitandani. Alilala chini, nyuma ya mlango, na viatu miguuni. Mama alimsihi, shehe alikuja akamsomea, wapi. Sisi watoto tukazoea. Ukitaka kutoka usiku kwenda chooni lazima umruke baba, na kabla ya kumruka utaje jina lako. Usipotaja, unadakwa mguu.

Hakuwahi kutusimulia hata mara moja. Ila siku ya Mashujaa alitoa redio nje, akaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, akakaa peke yake mpaka matangazo yaishe. Mama alitukataza kupita pale.

Naomba tupeane uzoefu. Nani wako alikwenda? Alirudi? Akirudi, alirudi yule yule? Siasa tuziache pembeni leo, tafadhali.

Nshomile wa Ihangiro

Mkuu umenichoma. Kwetu alikuwa baba mkubwa. Alirudi, ila alikuwa hataki kabisa kusikia mlango ukibamizwa.

KijanaWaChanika

Sisi vijana kusema kweli Julai 25 tunaijua kwa gwaride. Wala si siku ya mapumziko, leo nimeingia kazini kama kawaida. Nane Nane tunapumzika, hii hatupumziki. Hivi kwa nini? Halafu naomba kuuliza bila kukosea adabu, lile shoka wanaloweka pale kwenye mnara lina maana gani?

Mwalimu Mstaafu

Kijana, umeuliza vizuri. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, Meya anaweka upinde na mshale, na shoka huwekwa na mwakilishi wa wazee waliopigana. Hizo ndizo zana babu zetu walizokwenda nazo vitani kabla ya bunduki. Mizinga inapigwa, dakika moja ya ukimya, inapigwa tena. Na mwenge wa kumbukumbu unawashwa saa sita usiku wa kuamkia leo na kuzimwa saa sita usiku wa leo.

Kuhusu kupumzika, mimi naona bora tusipumzike. Tukipewa mapumziko siku hii itakuwa ya nyama choma.

Mama Wawili Tegeta

Nakupinga mwalimu. Mjane wa askari anaamkia dukani kufungua biashara siku ya kumkumbuka mumewe? Apewe hiyo siku. Atakayekula nyama ale.

BintiWaMissenyi

Nimekaa nao huu uzi tangu saa kumi, nafuta naandika upya. Acha niandike hivyo hivyo.

Mimi ni wa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Mutukula, upande ule aliouchukua Amin. Nilikuwa na miaka tisa. Mwisho wa Oktoba 1978 tulikuwa tunasikia mizinga kila siku kutoka mpakani, tukaambiwa ni ya kutishana tu. Tarehe 30 asubuhi haikuwa tena ya kutishana. Watu walikuwa wanapita barabarani wanashuka Kyaka na magodoro kichwani, na ng'ombe, na watoto wasio wao. Taata, yaani baba, hakuwepo, alikuwa Bukoba na kahawa. Mama akatukusanya wanne.

Bibi yangu mzaa baba akagoma. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alisema mto havuki. Mama akapiga magoti. Bibi akasema, "Nani atakaa na kibanja? Ndizi zinakomaa. Nendeni, mtanikuta." Tukamwachia mtungi wa maji na mkungu mmoja, tukaondoka. Ukiwa na miaka tisa hujui unaaga. Nilikuwa nalia kwa sababu mama amenivalisha magauni matatu, moja juu ya jingine, na ni joto.

Tulivuka daraja la Kyaka kwa miguu. Siku chache baadaye, Novemba 3, daraja likalipuliwa. Ng'ambo ile ikawa imefungwa na bibi yuko ndani.

Tulihifadhiwa na watu upande wa kusini, familia nne nyumba moja. Usiku hakuna kuwasha taa kwa ajili ya ndege. Sasa wale wa Kagera mnajua Novemba ni nini kwetu. Usiku mmoja senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakashuka. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanagonga bati kama mvua ya mchanga. Mwaka wowote mwingine kijiji kizima kingekuwa nje na taa na mapipa, watoto wanakimbizana. Usiku ule senene wanatua usoni kwetu gizani na hakuna anayewasha hata kibiriti. Mdogo wangu akaanza kulia, "Bibi yuko wapi, bibi ndiye anayenyonyoa." Mama akamwambia mwaka huu senene wamepita, lala.

Tulirudi nyumbani mwaka 1979 mwanzoni, jeshi letu limeshamsukuma yule mtu mpaka kwao. Nyumba haina bati, haina mlango, haina dirisha. Ng'ombe hakuna. Kuku hakuna. Bibi hakuna. Mama akaingia jikoni nyuma, lile la nyasi, ambalo hawakuona cha kuchukua. Pale juu ya moshi pamening'inia kifurushi cha majani ya mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo la bibi lile la kuzungusha mara mbili. Mama akakishusha akakifungua. Senene. Wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaushwa, safi kabisa, wametosha watoto wanne.

Kwa hiyo bibi alikuwa hai senene walipoanguka. Aliwakusanya gizani, na miguu ile. Baada ya hapo hatujui kitu. Majirani waliobaki hawakumwona. Hatujazika. Kibanja tulikilima na kila jembe lilipogonga kitu mama alikuwa anasimama.

Raia waliouawa upande ule wanakadiriwa 1,500. Bibi yangu hakuvaa gwanda, hakushika bunduki. Nikiangalia lile shoka na ule mkuki kila mwaka najiuliza kama na yeye wanamwekea.

Nshomile wa Ihangiro

Dada yangu, nimeshindwa kula.

Mama Wawili Tegeta

Wanamwekea. Pole sana mdogo wangu.

Kibatari

Mwanza tulikuwa mbali na mpaka lakini giza la usiku tulilijua. Blanketi dirishani, taa za gari zimepakwa rangi ubaki mwanya kidogo tu. Mwaka 1979 ndege ya Walibya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ilikuja kutafuta matangi ya mafuta ya mjini ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye wanyama. Mimi nilikuwa darasa la nne. Tuliambiwa wamekufa swala, tukawalilia swala darasa zima. Mwalimu akatuacha tulie. Leo nikifikiria naona tulikuwa tunalilia mengine.

MjukuuWaKariakoo

Naomba tusisahau kwamba siku hii si ya Kagera peke yake. Ni ya mashujaa wote. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo yenyewe jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Pale Posta kuna sanamu ya Askari, iko pale tangu mwaka 1927, na maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maelfu walikufa kwa njaa na kuhara wakibeba mizigo ya vita visivyo vyao. Nani anawataja leo?

Bavicha wa Zamani

Mkuu heshima yako, ila uzi unauliza Kagera. Wapagazi fungua uzi wao.

MjukuuWaKariakoo

Uzi unasema Julai 25. Soma kichwa cha habari vizuri.

Bavicha wa Zamani

Kichwa kinasema "vita vya Kagera". Soma wewe.

Mama Mtwara

Jamani. Kwetu Naliendele wapo waliolala ambao walifia Msumbiji kwenye ukombozi. Mjomba wangu alikwenda huko. Naye nimkumbuke wapi, nifungue uzi wangu? Kaeni kwa amani.

Takwimu

Wakuu, naomba niweke hesabu sawa. Kuna waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu mpaka Kampala. Hesabu waliyoitoa ni askari wa Tanzania 373 waliokufa vita nzima, na kati ya hao 96 tu ndio waliouawa mapiganoni. Waliobaki ni ajali na sababu nyingine. Nasema hivi kwa sababu watu wanaongea kana kwamba wote walianguka kwa risasi. Shujaa wa kweli ni yule wa mstari wa mbele.

Nshomile wa Ihangiro

Kaboya tu, hapa wilayani kwetu Muleba, wamelala zaidi ya 600. Hiyo 373 yako umeihesabia wapi?

Takwimu

Mimi nimetaja chanzo. Wewe taja chako.

Nshomile wa Ihangiro

Chanzo changu ni miguu yangu. Nimepita kati ya yale makaburi.

Mama Wawili Tegeta

Kaka yangu alikufa kwenye lori lililopinduka likiwapeleka mbele. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakufyatua risasi hata moja. Takwimu, njoo umwambie mama yangu, yuko hai, ana miaka tisini na mbili, kwamba mwanawe hayumo kwenye wale 96 wako. Aliyempandisha lile lori ni nani? Alikuwa anakwenda harusini?

Takwimu

Dada samahani. Sikuwa na nia hiyo.

Mama Wawili Tegeta

Nia najua huna. Lakini ufute ile sentensi ya mwisho.

Kombati Kuukuu

Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu, yeye ndiye anayechapa, mimi nasema. Nilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979. Brigedi ya 201, wengi wetu mgambo. Pale kuna barabara inayokatiza bwawa la matete, maji huku na huku, hakuna pa kwenda. Tulikuwa tumeshaambiwa askari wa Amin wameishiwa nguvu. Hatukuambiwa kuna Walibya. Jioni jioni yakaanza makombora yao. Mengi yalipita juu yetu yakaangukia nyuma. Lakini sauti ile hatukuwahi kuisikia.

Tulikimbia. Miaka yote hii nasimulia kwamba "tulirudi nyuma kujipanga". Leo nasema tulikimbia. Kuna mtu aliniita kwa jina kwenye matete, nikajua sauti yake, sikusimama. Asubuhi brigedi ya 208 ilizunguka ikatokea upande wa Kampala, nasi tukarudishwa tukapiga kutoka upande wetu, wakavunjika. Nilikwenda pale kwenye matete. Alikuwepo.

Huyu kijana aliyeanzisha mazungumzo, aliyesema baba yake amelala mlangoni na viatu. Mwanangu, mimi namwelewa. Usiku ule wengi tulikuwa tumevua viatu kwa sababu ya maji.

MtotoWaMgambo

Mzee wangu shikamoo.

Nimesoma mara tatu. Nimempigia mama simu nimemsomea. Amenyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni viatu tu." Mzee Mungu akuweke.

KijanaWaChanika

Shikamoo babu. Nimenyamaza.

Nshomile wa Ihangiro

Mzee, watu kama nyie mnaisha. Mzee Musuguri, jenerali wa vita ile, naye alitutoka Oktoba 2024, na miaka yake 104. Kamanda mwenzake Mayunga, yule aliyeitwa Mti Mkavu, alitangulia zamani. Tuandikeni haya wakati waliobaki wako hai.

Tani Thelathini

Mimi ni dereva wa masafa, na huwa sichangii, nasoma tu nikiwa nimeegesha. Leo nimeegesha Kahama. Nawapa yangu.

Baba alikuwa askari wa kawaida, sisi watu wa Urambo, Tabora. Aliondoka mama ana mimba yangu ya miezi minne. Barua ikaja moja, ya Februari 1979, ina salamu na maelekezo ya mbuzi. Kisha kimya. Vita ikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, na hakuna mtu wa serikali aliyekuja kusema kitu. Ikaanza minong'ono: ameoa Mganda, yuko Masaka ana duka. Kuna hata mtu aliapa kwamba amemwona. Mama akawa anaitwa "mke wa Masaka". Mimi nilipigana shuleni kwa jina hilo mpaka nikavunja mkono wa mtoto wa watu. Nilipofika la saba nikamwomba mwalimu aandike jina la babu badala ya la baba. Vyeti vyangu vyote, leseni, kila kitu, jina la baba yangu halimo. Nililiondoa kwa hasira.

Mwaka 2016 Bukoba ilipopigwa na tetemeko, Septemba, nilipakia saruji na bati kupeleka kule. Gari likanichemkia Muleba. Nikatembea na dumu kutafuta maji nikafika getini pa kambi ya Kaboya. Askari wa zamu kijana mdogo, akanijazia dumu, tukaongea. Nikamwambia baba yangu naye alikuwa jeshini, akapotea. Sikusema ametukimbia, nilisema amepotea. Akaniangalia akaniuliza, "Umeshamtafuta hapa?" Nikamwambia wa kwangu hakufa. Akasema, "Tafuta tu mzee, kesho asubuhi nitakuombea ruhusa."

Nililala garini. Asubuhi nikaingia. Nilianza safu ya kwanza nasoma majina kama mtu anayesoma vibao vya barabarani, bila moyo. Safu nzima, nyingine, nyingine. Nikamkuta. Majina matatu, yote matatu, mpaka lile la ukoo ambalo kwetu Urambo ni sisi peke yetu tunalo. Machi 1979. Wiki chache tu baada ya ile barua ya mbuzi.

Nilikaa chini kati ya kaburi lake na la jirani yake. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba, nimemzidi umri baba yangu kwa miaka kumi na moja. Nikampigia mama. Nikamwambia, mama, nimemwona, yuko Kaboya, amekufa tangu mwaka ule ule. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kitu kimoja: "Pana kivuli hapo?"

Nikamwambia pana miti, mama. Akasema haya.

Niliporudi Urambo nikamkuta kavaa nguo nyeupe kajifungia chumbani. Anakaa eda. Shehe wa mtaa alimwendea akamwambia mama, eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, yako ilishakwisha zamani, huna unachodaiwa. Mama akamwambia, "Mimi nilikuwa mke wa mtu aliyenikimbia. Leo ndiyo nimekuwa mjane." Alikaa miezi minne na siku kumi, kamili.

Mama Wawili Tegeta

Ya Rabi.

Kibatari

Kaka umesimamisha uzi. Swali moja: inakuwaje jeshi lizike mtu kwa jina kamili na nyumbani wasijue?

Tani Thelathini

Barua ilitumwa. Baadaye nilikuja kujua. Anwani aliyojaza haikuwa ya mama, mama hakuwa na sanduku la posta. Ilikuwa ya ndugu wa ukoo. Alipokea barua na kilichoambatana nayo, akanyamaza. Miaka yote ile alikuwa anakula kwetu sikukuu. Amekufa, simtaji.

Bavicha wa Zamani

Na ndiye aliyeeneza habari za Masaka?

Tani Thelathini

Ndiye.

KijanaWaChanika

Kaka ungeweza kufukua hilo kaburi la ndugu yako ukalipiza bakora!

Mwalimu Mstaafu

Kijana, hapana. Umeanza vizuri usiharibu.

Ustadh Ilala

Poleni sana. Ila kielimu shehe alikuwa sahihi. Mke asipopata habari za kifo mpaka muda wa eda umepita, eda yake imekwisha. Kukaa tena si wajibu, na tusije tukawafundisha watu jambo ambalo halipo.

Mama Mtwara

Ustadh, hajasema ni wajibu. Alitaka kuomboleza. Alinyimwa miaka thelathini na saba, na kuomboleza nako kuna fatwa?

Ustadh Ilala

Kuomboleza moyoni hakuna anayekataza, bibi. Nimesema eda.

Mama Mtwara

Sawa. Lakini wewe ungekuwa mlangoni kwake siku ile ungemtoa?

Ustadh Ilala

Nisingemtoa.

Takwimu

Nimeifuta ile sentensi. Mkuu Tani Thelathini, ulishafuatilia haki za mzee? Anza kwa mshauri wa mgambo wa wilaya.

Nshomile wa Ihangiro

Mshauri wa mgambo ni kwa mgambo. Baba yake alikuwa askari kamili. Aende makao makuu ya jeshi na namba ya MT, ile namba ya askari.

Bavicha wa Zamani

Bila barua ya serikali ya mtaa hata getini hapiti. Aanze na barua, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya mama.

Mama Wawili Tegeta

Cheti chenyewe kina jina la babu, hamjasoma? Aanze mahakamani kwa kiapo. Sisi tulihangaikia ya kaka miaka sita, ofisi moja wanasema faili liko kwa wenzao, wenzao wanasema liko kule. Siku ya mwisho mama akaenda na kiti chake cha kukunja akakaa mlangoni. Faili likaonekana saa nane mchana.

Kibatari

Basi ushauri ni kiti cha kukunja.

Tani Thelathini

Nashukuru nyote. Mama alikataa nisifuatilie. Alisema pesa ile ilishaliwa, na aliyeila alishakufa. Nilichofanya ni kiapo cha jina. Leseni yangu mpya ina jina la baba.

Masaka Mjini

Shikamooni. Samahani Kiswahili changu ni cha mama na cha sokoni. Mimi niko Masaka, Uganda. Nilizaliwa Januari 1980. Mama aliniambia baba yako ni mkombozi. Hapa askari wenu tuliwaita hivyo, bakomboozi. Huu mji wetu ulivunjwa kwa baruti na jeshi lenu Februari 1979, magofu nimekulia ndani yake, na baba yangu ni wa jeshi hilo hilo. Yote mawili ni yangu.

Nimesoma jinsi mnavyosema "ameoa Mganda, ana duka Masaka" kama tusi. Kwa kaka huyu ulikuwa uongo. Lakini wengine walikuwepo kweli. Jeshi liliondoka lote ikifika 1981, na sisi tulibaki. Mama hakuwa mwizi wa mume wa mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alimpenda.

Bavicha wa Zamani

Dada pole, lakini tumekubaliana siku hii ni ya waliokufa.

Mama Wawili Tegeta

Nani amekubaliana? Mimi sikuwepo kwenye hicho kikao. Karibu mwanangu, kaa hapa.

BintiWaMissenyi

Karibu dada. Mimi natoka upande wa pili wa mpaka wako, nyumba yetu iliachwa bila bati na wa kwenu, mji wako ulivunjwa na wa kwetu. Karibu.

Kombati Kuukuu

Masaka nilipita. Mwambie mama yako tulikula matoke yao na walitupokea kwa vigelegele, na bado mji wao tuliuvunja kwa hasira ya Kagera. Mjukuu anauliza niseme nini zaidi. Nimemwambia aandike hivyo.

Tani Thelathini

Wakuu, Alhamisi napakia kwenda Bukoba. Nitapita Kaboya, huwa sipiti bila kusimama. Mwenye jina la kutafuta anitumie kwa ujumbe, majina yote matatu na mkoa. Sina ahadi, ila nitasoma safu zote.

Kibatari

Nimekutumia la mjomba.

Mama Wawili Tegeta

Kaka yangu tunajua yupo, tulishafika. Safu ya nyuma kabisa, mkono wa kulia. Umsalimie. Umwambie mama bado yupo.

KijanaWaChanika

Nimepiga simu nyumbani kuuliza. Kumbe na sisi tunaye. Nimekutumia.

Masaka Mjini

Mimi jina kamili sina. Nina picha moja, amesimama na mama mbele ya duka lililobomoka, na nyuma imeandikwa "Nachingwea" kwa kalamu. Nikitumia hiyo itasaidia?

Tani Thelathini

Tuma, dada.